Brashi Ndani ya Dele

Mimi najua kuchoma nguruwe. Naanza na hilo ili mtu asije akadhani haya yalinipata kwa kuwa sikuijua kazi. Kazi niliijua na naijua mpaka leo. Katika Mombasa ile ya miaka ya tisini, kama alikuwepo mwanamke mwingine aliyeweza kuutoa mgongo wa nguruwe motoni, ngozi ikivunjika kwa sauti na ndani nyama ingali na maji yake, basi mimi sikukutana naye. Nilizaliwa milimani Taita, kwetu nguruwe huchinjwa Krismasi na Pasaka, na kisu cha kuchunia nilipewa kabla sijajua kusuka nywele.

Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni huko Mbaraki, nyumba kubwa yenye baraza pana, mali ya kampuni moja ya meli. Walilala hapo manahodha, mafundi wa mitambo, na wakubwa wa kampuni waliotoka ng'ambo kuja kukagua hesabu zao. Jiko lilikuwa langu. Meneja alikuwa na ofisi yake mbele, na akitaka kuingia jikoni alibisha hodi.

Lakini kulala nililala Mji wa Kale, Kibokoni, chumba cha juu katika nyumba ya mjane mmoja wa Kimvita ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Watu walinishangaa. Mpishi wa nguruwe, Kibokoni! Wenzangu wa kanisani waliniuliza kama sioni tabu kuishi na watu wanaonichukia, nami niliwacheka. Nani alinichukia? Siku ya kwanza nilipokwenda kutazama chumba, Bi Mkubwa aliniuliza kazi yangu, nikamwambia bila kuficha. Akatengeneza leso yake kichwani, akasema:

"Sikiza, mwanangu. Kazini kwako ni kwako, riziki ni riziki. Hapa kwangu kitu hicho kisiingie. Si kwenye nguo, si kwenye mikono, si kwenye kisu. Waweza?"

"Mimi tena, Bi Mkubwa!" nikamjibu.

Na niliweza. Nguo zangu za kazi hazikutoka Mbaraki hata siku moja. Nilioga kazini kwa sabuni kabla ya kuondoka, nikifika nyumbani nikanawa tena mpaka kwenye viwiko, pale bombani uani, ili kila mtu aone. Miaka sita nilifanya hivyo. Wanawake wa mtaani walinitania, "Mpishi wa hicho kitu amerudi!" nami nikiwajibu kwamba siku moja nitawapikia biriani wasahau mama zao. Bi Mkubwa alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba mpangaji wake ni mtu wa neno lake. Sikuwahi kumwambia jinsi nilivyolipenda lile neno. Nililipenda kuliko mshahara.

Sasa nieleze habari ya dele. Dele ni birika la kahawa, la shaba, lenye mdomo mrefu na tumbo pana, na la Bi Mkubwa lilikuwa la marehemu mumewe. Bwana huyo alikuwa muuza kahawa. Alizunguka nalo Mji wa Kale miaka mingi, dele mkono mmoja, vikombe vikilizana mkono wa pili, na wazee waliokaa barazani walimjua kwa mlio huo kabla hajatokea pembeni mwa njia. Alipokufa, Bi Mkubwa aliliosha dele, akaling'arisha kwa ndimu na majivu, akalitundika ukutani. Kila mwaka, siku ya hitma ya mumewe, alilishusha. Wanaume walikuja kumsomea Kurani baada ya alasiri, na wakimaliza wakanyweshwa kahawa kutoka dele lilelile lililowanywesha alipokuwa hai. Bi Mkubwa hakuwa na kaburi la fahari la kuonyesha watu. Alikuwa na dele.

Basi mwaka mmoja, mke wa Meneja akaja jikoni kwangu na ukurasa alioukata kwenye gazeti la mapishi. Nyama ya nguruwe ya kuchoma iliyopakwa rojo la kahawa. Wakubwa watatu wa kampuni walikuwa wanakuja na wake zao, chakula cha mchana, Jumamosi. Alitaka hicho.

"Utaweza?" akaniuliza.

"Mimi tena, mama."

Nikaupokea ukurasa, nikausoma, nikaguna. Kahawa yenyewe iliyotajwa ilikuwa ya kopo, ile ya unga ya kukoroga na maji moto! Mombasa hii! Mtu akae hatua chache kutoka Mji wa Kale, halafu apake nyama kahawa ya kopo? Ukurasa niliutia kwenye droo na sikuutoa tena.

Rojo nililitengeneza mwenyewe wiki nzima, kidogokidogo. Kahawa chungu iliyochemka na tangawizi mpaka ikawa nzito. Sukari guru. Ukwaju uliokamuliwa na kuchujwa. Kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, pilipili manga, na pilipili kali moja iliyotumbukizwa nzima kisha ikatolewa. Ukichemsha hivyo vyote kwa moto mdogo, vinafika mahali vinaacha kutoa mapovu makubwa na kuanza mapovu madogo mazito, na hapo ndipo pa kuepua. Ukizidisha kidogo tu, rojo linakuwa lami.

Kilichonisumbua ni kahawa. Niliichemsha kwenye sufuria za kazini na ilikuwa kali, ndiyo, lakini haikuwa na ile ladha ya Kibokoni. Nilibadilisha tangawizi. Nilibadilisha maji. Mwisho nikajiambia kwamba tofauti ni dele. Huenda nilijidanganya, lakini wakati ule ningeapa.

Kabla ya kuliomba dele nilikwenda kutafuta mvinyo. Palikuwa na duka la Mgoa mmoja mzee, Mkristo mwenzetu, aliyeuza nyama ya nguruwe upande mmoja na mvinyo upande wa pili, na tulikuwa tumezoeana kwa kugombana. Nilikwenda na rojo langu ndani ya chupa ya jemu, na vipande vichache vya nyama nilivyochoma asubuhi ile.

"Nguruwe ni mvinyo mweupe," akasema hata kabla sijafungua chupa. "Kanuni hiyo. Babangu alinifunza."

"Babako alipaka nguruwe kahawa?"

Akacheka, akaleta bilauri. Mimi mvinyo niliujua wa meza ya Bwana tu, kijiko kimoja kila mwezi, lakini ulimi ni ulimi. Mtu anayejua lini ukwaju umezidi kwenye mchuzi atashindwa na mvinyo? Tukaanza na mweupe wake. Ukwaju na ule mvinyo vikakutana mdomoni, ukali juu ya ukali, meno yakafa ganzi. Nikautema. Tukafungua mwekundu mzito, karibu mweusi, aliousifu sana. Huo ulikuwa na uchungu wake mwenyewe, na kahawa ina wake, na viwili hivyo vikaniacha nikitafuta maji. Mgoa akaanza kukasirika kwa ajili ya chupa zake zilizofunguliwa.

"Lete ule," nikamwambia, nikamwonyesha chupa ya pembeni. Ulikuwa mwekundu mwepesi wa Afrika Kusini, ambao ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuonekana madukani kwetu miaka ile. Yeye mwenyewe aliudharau. Nikaonja, nikatafuna kipande cha nyama, nikaonja tena. Ulikuwa na harufu ya zambarau zilizoiva, hauna uchungu wa kugombana na kahawa, una utamu kidogo wa kushikana mkono na sukari guru, na ukali wa kutosha kukata mafuta. Nikamwambia nitautia kwenye friji saa moja kabla ya chakula, maana kwa joto la Mombasa mvinyo mwekundu ukiuacha mezani unakuwa uji.

"Mvinyo mwekundu kwenye friji?" Mgoa akashika kichwa.

"Onja kwanza, mzee. Halafu ulie."

Akaonja na nyama, mara mbili. Alifunga chupa sita kwenye gazeti, akaniuliza kama nimebakisha kipande kingine.

Ijumaa jioni nikamwendea Bi Mkubwa. Alikuwa uani anachambua mchele. Nikamwamkia, akanipa mkono nikaubusu, nikakaa kwenye kibao karibu naye. Nikamweleza yote. Sikuficha kwamba ni nyama ya nguruwe. Nilimwambia nataka dele nikapikie kahawa tu, kwenye jiko la mkaa la pembeni, mbali na nyama, na kahawa ikiiva nitaimimina kwenye jagi na dele litarudi.

Aliendelea kuchambua mchele kwa muda mrefu.

"Wajua kesho ni siku gani?" akaniuliza.

Nilijua. Kesho ilikuwa hitma.

"Litafika kabla ya adhuhuri, Bi Mkubwa. Dereva wa kazini atalileta mwenyewe."

"Dele hili limepika kahawa, halijapika kitu kingine tangu litoke kwa mfua shaba. Nikikupa, nakupa kwa neno lako."

"Mimi tena," nikasema.

Akaenda, akalishusha ukutani.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na furaha ya mtu anayejua kwamba leo ni siku yake. Moto niliukoka mwenyewe kwenye nusu ya pipa, nyuma ya nyumba, mkaa wote nikausukuma upande mmoja. Upande wenye mkaa ni wa kukaushia ngozi, upande usio na mkaa ni wa kuivishia nyama polepole. Nyama ilikuwa migongo miwili mizuri, yenye ukanda wa mafuta mweupe wa upana wa kidole, nimeichanja na kuitia chumvi tangu jana. Hatua kumi kutoka hapo, kwenye jiko dogo, dele lilikuwa linachemka kahawa, na harufu yake, wallahi, hata makuli waliopita nje kuelekea gatini waligeuza shingo.

Kahawa ikaiva. Nikamimina nusu kwenye sufuria ya rojo, nusu ikabaki kwenye dele. Hapo ndipo ningepaswa kuimimina ile nusu kwenye jagi, kama nilivyoahidi, na kumpa dereva dele alirudishe. Nilisema bado kidogo, rojo likizidi uzito nitaliongezea. Nikalichukua dele, nikaliweka kwenye meza ya kazi karibu na pipa, pale mkono wangu unapofika.

Rojo lenye sukari halipakwi mapema. Linapakwa robo saa ya mwisho, wakati nyama imeshaiva na maji yanayotoka ukiichoma uma ni meupe, kwa sababu sukari inaungua haraka. Hilo nimelifunza wasichana wangapi jikoni! Lakini wageni wakafika mapema. Mke wa Meneja akawaleta nyuma ya nyumba, wake wa wakubwa na magauni yao meupe, waje waone. Wakasimama, wakanusa. Mmoja akapiga makofi. Nami, kwa kutaka kuwaonyesha, nikachukua brashi, nikaichovya kwenye rojo, nikaipaka nyama yote kwa mbwembwe, nusu saa kabla ya wakati wake. Nyama ikang'aa. Wakasema "Aaa!" wote pamoja, wakarudi barazani kunywa vinywaji vyao.

Mafuta yakadondoka kwenye mkaa, moto ukaruka, sukari ikashika. Upande mzima wa mgongo mmoja ukawaka. Nilivuta nyama kwa koleo, nikatafuta maji, ndoo ilikuwa mbali, na mkono wangu ukachukua kilichokuwa karibu. Nikawa nachovya na kunyunyiza, nachovya na kunyunyiza, mpaka moto ukalala. Nikakwangua palipoungua, nikapaka upya, safari hii kwa wakati wake. Nyama ilipona. Kusema kweli ilipendeza zaidi, ilikuwa na uchungu mdogo wa moshi ambao nimeutafuta tena mara nyingi bila kuupata.

Dereva akaja kuuliza kama dele ni tayari. Nikamimina kahawa iliyobaki kwenye jagi la kioo, nikalisuuza dele kwa sabuni na maji moto, nikalifunga kwa kitambaa safi, akaondoka nalo. Ilikuwa bado kabla ya adhuhuri. Nilijiona mtu wa neno lake.

Supu ikaenda, samaki akaenda. Nikakata nyama, vipande vikalala kwenye sinia vimekunja ngozi juu, nikazipanga chupa zangu sita zilizotoka kwenye friji, zimetoka jasho. Meneja akachungulia, akasema wageni wanataka kuniona baada ya nyama, wanipe mkono. Nikafurahi. Nikanyoosha mkono kwa lile jagi ili nijipatie funda la kahawa baridi nikiwa nimesimama.

Juu ya kahawa palikuwa na macho ya mafuta.

Kahawa nyeusi haina mafuta. Nililitazama lile jagi. Macho yalikuwa mengi, madogo, ya dhahabu, yanaelea. Nikawa nauona tena mkono wangu akilini, mkono ulioshika brashi, brashi iliyotoka kwenye nyama. Kuchovya na kunyunyiza. Niliichovya wapi? Ndoo ilikuwa mbali. Rojo lisingezima moto, ni sukari. Niliichovya ndani ya dele. Nililifunua kifuniko kwa mkono wangu mwenyewe, nikaitia brashi yenye mafuta ya nguruwe ndani ya dele la marehemu, si mara moja.

Nasema ukweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Na jambo la kwanza lililonijia si kwenda kusema. Jambo la kwanza lilikuwa hili: nani ameona? Hakuna aliyeona. Dele limeoshwa kwa sabuni, linang'aa. Bi Mkubwa atapika kahawa yake, wanaume watakunywa, watamwombea marehemu rehema, wataondoka. Hakuna atakayejua duniani, nami nitaendelea kuwa mtu wa neno lake. Nilisimama na wazo hilo muda wa kutosha kuujua uso wake.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika hamsini. Hitma ni baada ya alasiri.

Nikavua aproni. Meneja alinikuta mlangoni.

"Wapi? Wageni wanakungoja!"

"Nyama iko mezani, mvinyo ni huo mwekundu. Mimi ninakwenda."

"Ukitoka hapo usirudi!"

"Basi sirudi," nikasema, nikatoka na nguo za kazi, jambo ambalo miaka sita sikuwahi kulifanya. Teksi niliipata nikiwa nimeshatembea nusu ya njia, nayo ikakwama kwenye msongamano wa Jumamosi. Dereva wa teksi alinusa, akafungua dirisha lake lote, lakini hakuniuliza.

Nilipofika Kibokoni alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Viatu vya wanaume vilijaa mlangoni na sauti zao zilisikika chumba cha mbele, wanasoma. Sikuingia. Ningeingiaje, na nguo zile? Nikazunguka kwa kichochoro mpaka mlango wa uani, nikasimama kizingitini. Ndani walikuwa wanawake kama kumi, wamekaa mikekani, sinia za halua zimefunikwa. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Dele lilikuwa juu ya moto, mdomo wake unatoa mvuke. Vikombe vimepangwa.

"Bi Mkubwa," nikaita. "Naomba uje."

"Ndoo, ingia ndani, mwanangu. Mbona wasimama mlangoni?"

"Siwezi kuingia. Nina nguo za kazi."

Aliangalia gauni langu lenye madoa, kisha uso wangu. Akainuka, lakini alikuwa mtu wa magoti mabovu, na nikaona hatafika kabla ya mtu mwingine kulishika lile dele na kuanza kumimina. Nikasema palepale, mbele ya wote.

"Usiwape hiyo kahawa. Niliingiza brashi ndani ya dele. Brashi ilikuwa na mafuta ya kitu hicho. Moto uliruka, nikachovya bila kufikiri. Nilikuwa nimeahidi kuliweka mbali na sikuliweka mbali."

Mmoja wa wanawake akasema "Subhanallah" na kujiziba mdomo. Mwingine, yule aliyependa kunitania, akasema si aliwaambia. Mimi nilikuwa nalia, na nilijikasirikia kwa kulia, maana sikuja pale kuhurumiwa.

Bi Mkubwa alilishika dele kwa kitambaa, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye mfereji wa uani, akaimwaga kahawa yote. Ilichukua muda kuisha. Kisha akamwambia binti ya dada yake alete sufuria kubwa, na maji mengine, na kahawa nyingine. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, hitma ya muuza kahawa ilinywewa kahawa ya sufuria, wanaume wakichotewa kwa upawa. Nilisikia kutoka kichochoroni mzee mmoja akiuliza liko wapi dele, na sikusikia alijibiwa nini.

Nilikaa kwenye ngazi ya jirani, nje, mpaka wanaume walipoondoka na wanawake wakafuata. Nilifikiri nitaambiwa nitafute chumba. Nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu kichwani vitu vyangu. Ndipo Bi Mkubwa akatokea mlangoni.

"Nenda bafu la nje ukaoge," akasema. "Nguo hizo zitie kwenye mfuko. Halafu uje."

Alinitupia kanga mbili. Niliporudi nilimkuta amekaa karibu na bomba, dele mbele yake, na bati lenye udongo mwekundu safi, uliochambuliwa mawe. Hakuniruhusu kuligusa. Kazi yangu ilikuwa kumimina maji kwa kata. Mara ya kwanza alilisugua kwa udongo uliolowanishwa, ndani na nje, mdomo wake akiupitishia kitambaa kwa kijiti, mpaka shaba yote ikawa tope. Nikamimina. Kisha mara ya pili kwa maji matupu, na ya tatu, na kila mara aliyamwaga yote kabla ya kuniambia "Tia." Ndivyo sheria yao ilivyo kwa chombo kilichoguswa na kitu hicho, mara saba, mojawapo kwa udongo. Sabuni yangu ya kazini haikuwa na maana yoyote. Hilo nilikuwa nimeishi nao miaka sita bila kulijua, mimi niliyejiona najua kila kitu cha nyumba ile.

Mara ya saba alilipindua likajikausha juu ya jiwe.

"Dereva wako alinambia lafaa, ni safi," akasema, hanitazami. "Ningelipika, wangelikunywa."

"Najua, Bi Mkubwa."

"Wanawake wale waliniudhi sana leo. Wewe uliniudhi zaidi."

"Najua."

"Basi kale halua. Imebaki."

Jumatatu nilikwenda Mbaraki kuchukua visu vyangu, maana visu vilikuwa vyangu. Meneja alinikalisha. Alipiga kelele kwanza, nikamwacha amalize. Kisha akakiri kwamba wakubwa walikula mpaka mifupa, na kwamba yule mke aliyepiga makofi anataka kuandikiwa namna ya kulitengeneza rojo. Kazi niliendelea nayo. Ila kuna jambo lilinichoma na linanichoma hadi leo. Nilimuuliza walionaje mvinyo. Akasema walikunywa mweupe uliokuwa kwenye kabati, kwa vile nguruwe ni mvinyo mweupe, kila mtu anajua. Chupa zangu sita zilikuwa pale pale, hazijafunguliwa!

Nyumbani mambo yaliendelea, lakini kimyakimya. Bi Mkubwa alinisalimu, alinipa uji nikiumwa, aliniuliza habari za mama yangu. Ila kwa wageni wake hakusema tena lile neno. Nilisikiliza kila mara alipokuwa na wageni, nikiwa juu chumbani kwangu mlango wazi, na hakulisema. Mwaka mzima. Dele lilirudi ukutani na mimi nilipita chini yake nimeinamisha kichwa.

Hitma ikarudi. Siku hiyo niliomba ruhusa kazini, nikashinda uani nikisaidia kupanga sinia, mbali na moto. Wanawake walikuwa walewale. Magoti ya Bi Mkubwa yalikuwa yamezidi, hakuweza tena kukaa kwenye kigoda mbele ya mkaa. Akamtuma binti ya dada yake alishushe dele, akalipokea, akalifuta kwa upindo wa leso. Watatu au wanne kati yao walisogea, kila mmoja akijua atapewa yeye.

Akalinyoosha kwangu.

"Shika. Upike wewe."

"Huyu?" akasema yule wa kunitania, bila utani hata kidogo. "Bi Mkubwa, huyu si ndiye..."

"Ndiye. Nyinyi nyote mwajua kupika kahawa. Huyu akikosa, yuwaja kunambia."

Nilitaka kusema mimi tena. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza, nikamwomba alishike dele kidogo, nikaenda bombani kunawa mikono mpaka kwenye viwiko.